Maneno ya mtaani kabla ya kesi ya mauaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Mimi ni msaidizi wa kisheria, nakaa Kigoma mjini. Likitokea tukio kubwa la mauaji huku kwetu, simu yangu hailali. Maswali yaliyo hapa nimeyaokota kijiwe cha kahawa Ujiji, sokoni Mwanga, kwa kina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, na kwenye magrupu ya WhatsApp ambako kila mtu ni mpelelezi. Ninaloulizwa kuliko yote ni "aliyeua ni nani?" Hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni jaji. Yaliyobaki tuzungumze.

Huyu aliyekamatwa tumwiteje? Muuaji, mshtakiwa, au nani?

Akiwa mikononi mwa polisi na hajafikishwa mahakamani, ni mtuhumiwa. Akishasomewa shtaka, ni mshtakiwa. Akikaa rumande akisubiri kesi, ni mahabusu, si mfungwa, hata kama amelala ukuta mmoja na wafungwa pale gereza la Bangwe. Muuaji anakuwa siku jaji anasema hivyo. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Waandishi wa vichwa vya habari vya "Muuaji anaswa" wanaijua ibara hiyo vizuri tu.

Mbona alipofikishwa mahakamani hakukana? Alisimama kimya kama gogo.

Kwa sababu aliambiwa asijibu kitu. Shtaka la mauaji husomwa kwanza mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, na mahakama hizo hazina mamlaka ya kulisikiliza. Hakimu anasoma shtaka, anamwambia mshtakiwa hatakiwi kujibu, anaahirisha. Ndiyo utaratibu, kwa kila anayeshtakiwa kwa kosa hilo. Akitoka hapo, watu walio nje ya geti wanasema "umeona alivyoinamisha kichwa?" Aliinamisha kichwa. Wewe ungeangalia wapi, na kamera kumi zimekuelekea?

Amenyimwa dhamana. Si dalili kwamba ushahidi upo?

Hapana. Mauaji ni kosa lisilo na dhamana kwa yeyote, awe na ushahidi wa video dhidi yake au awe amekamatwa kwa kufanana jina.

Kila baada ya wiki mbili tunaambiwa kesi "imetajwa". Wanatafuta namna ya kumtoa?

Hapa ndipo uvumi mwingi unapozaliwa, kwa hiyo nieleze taratibu.

Kutajwa si kusikilizwa. Sheria hairuhusu mahabusu akae muda mrefu bila kuonekana mahakamani, kwa hiyo analetwa, wakili wa serikali anasema upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Nyuma ya pazia jalada linatembea. Sampuli zimekwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa ajili ya vinasaba, ripoti ya daktari aliyechunguza mwili inasubiriwa, mashahidi wanaandikishwa maelezo, kisha jalada linapelekwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, yule tunayemwita DPP, ambaye anaweza kulirudisha kwa sababu kipande hakijakaa sawa. Yakikamilika, mshtakiwa anasomewa maelezo ya mashahidi na vielelezo vitakavyotumika, kisha kesi inapelekwa Mahakama Kuu. Huko ndiko anakoulizwa kwa mara ya kwanza: kweli au si kweli?

Zamani sisi wa Kigoma tulikuwa chini ya Mahakama Kuu Tabora. Siku hizi tunayo yetu hapahapa. Lakini miezi ya kungoja bado ipo, na kijiwe hakipendi kungoja. Pengo la miezi minane bila habari linajazwa na mtu mwenye bando.

Jaji ni msomi. Maneno yetu ya kijiweni yatamdhuru vipi?

Swali zuri kuliko yote, na wanaoliuliza wana hoja. Kuna nchi ambako raia wa kawaida ndio wanaoketi na kuamua kama mtu ana hatia, ndiyo maana kule wanaogopa sana magazeti. Kwetu anayeamua ni jaji. Wazee wa baraza, yaani raia wanaoketi na jaji kumpa maoni, walikuwa lazima kwenye kesi za Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, jaji anaweza kuketi nao au asiketi nao, na hata wakiwepo, maoni yao hayamfungi.

Basi nakubaliana nawe: jaji hachafuliwi kirahisi na kijiwe. Anayechafuliwa ni shahidi.

Chukua tukio la usiku. Mama mmoja amemwona mtu asiyemfahamu akikimbia. Macho yake ndiyo kesi yenyewe. Mahakama ya Rufani iliweka msimamo mwaka 1980 katika rufaa ya Waziri Amani: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, haufai kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Kwa hiyo atabanwa. Ulimwona kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulitoka wapi, ulikuwa mkali kiasi gani? Uliwahi kumwona kabla? Kama hamfahamu, polisi wanatakiwa kuandaa gwaride la utambulisho: mtuhumiwa anapangwa na watu wanaofanana naye kwa umbo na umri, mama anapita, anamgusa. Na gwaride hilo lina thamani pale tu mama hajamwona mtuhumiwa tangu usiku ule.

Sasa wewe, kwa uchungu wa haki, umeshasambaza picha yake akiwa amefungwa pingu.

Niliwahi kukaa benchi la nyuma katika mahakama mojawapo ya kanda hii nikashuhudia. Shahidi alikuwa mtu mzima, mtulivu, amejifunga kitenge juu ya gauni. Alieleza vizuri. Wakili wa utetezi akasimama, hakupandisha sauti hata kidogo. "Mama, kabla ya gwaride, sura ya huyu kijana uliwahi kuiona mahali?" Mama, kwa kuwa alikuwa mkweli, akajibu, "Niliiona kwenye simu ya mjukuu wangu." "Siku ngapi kabla?" "Kama tatu hivi." Wakili akasema, "Sina swali lingine," akakaa. Wakili wa serikali aliangalia karatasi zake muda mrefu sana. Pale mbele hakuna tena aliyeweza kusema kama mama alimtambua mtu wa usiku ule au mtu wa kwenye simu, pengine hata mama mwenyewe.

Kama yule kijana ndiye aliyeua, waliomsaidia ni wale waliomchukia. Na kama siye, walikaribia kumnyonga.

Lakini tulisambaza picha ili asitoroke.

Alikuwa ameshakamatwa, ndugu yangu. Pingu zinaonekana kwenye picha.

Nisijifanye msafi. Miaka kadhaa nyuma, kabla sijaanza kazi hii, nilipokea picha ya mtu ikiwa na maandishi "huyu ndiye, sambaza ifike mbali". Nikasambaza magrupu manne. Ilikuwa picha ya mtu mwingine wa kata nyingine, aliyekuwa na jina la utani lilelile. Alihama nyumba kwa usiku mmoja na watoto. Nilifuta ujumbe wangu, lakini ule uliokwisha toka kwangu kwenda kwa wengine nani angeufuta? Nilikutana naye baadaye gatini. Hakujua kama na mimi nilikuwemo, akanisalimia vizuri, tukaongea habari za migebuka. Hiyo salamu bado inanikaa kooni.

Yeye ndiye wa mwisho kuonekana na marehemu. Hilo nalo ni umbea?

Hapana, hapo mtaa una kichwa. Mahakama zetu zinakubali kwamba mtu wa mwisho kuonekana na marehemu akiwa hai anapaswa kutoa maelezo yanayoeleweka, na asipoyatoa, jambo hilo linaweza kumlemea. Ila lina masharti yake. Anayesema aliwaona awe aliwaona kweli, si kwamba ameambiwa na bodaboda. Muda kati ya kuonekana na kifo uwe mfupi kiasi kwamba mtu mwingine asingepata nafasi ya kuingia katikati. Ushahidi wa mazingira lazima uelekee upande mmoja tu, usiache tundu la maelezo mengine. Mtaani tunachukua kipande kimoja tunakiita mnyororo.

Tumesikia amekiri polisi. Kuna nini tena cha kusubiri?

Kuna mengi. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa polisi yanapokelewa iwapo tu yalitolewa kwa hiari. Sheria pia imeweka muda wa kumhoji: saa nne za msingi tangu awekwe chini ya ulinzi, na ukihitajika muda zaidi kuna utaratibu wa kuuongeza. Yakichukuliwa siku ya tatu bila maelezo ya kueleweka, yanaweza kuondolewa kabisa kwenye kumbukumbu. Mshtakiwa akidai alipigwa, jaji anasimamisha kesi kubwa na kuendesha kesi ndogo ndani yake kuamua jambo hilo tu. Vilevile kuna maungamo mbele ya mlinzi wa amani, mara nyingi hakimu wa mahakama ya mwanzo, ambaye anamkagua kwanza kama ana majeraha.

Na huyo aliyekwambia "amekiri" alikuwepo chumba kile? Aghalabu ni shemeji wa askari aliyekuwa zamu siku nyingine.

Mganga ameshamtaja. Polisi wanachelewesha nini?

Ramli chonganishi. Huku magharibi tunaijua kwa maumivu. Tabora na mikoa jirani, vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshika kasi kuanzia mwaka 2007 yalihusishwa sana na waganga, hadi serikali ikasimamisha leseni zao mwaka 2009. Kwetu Kigoma tuna kamchape, msaka wachawi anayeingia kijijini kwa ngoma na kuondoka akiwa ameacha familia mbili zisizosalimiana tena.

Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu ukoloni, inamtia hatiani anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Kwa hiyo mganga akitaja jina, upelelezi unaotakiwa ni juu ya mganga.

Huku kwetu kila mtu anajua ni watu wa kuja. Wakimbizi, au waliovuka ziwa.

Kila mtu hajui. Kila mtu amesikia kwa mwenzake aliyesikia kwake. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996, kuna vijana wamezaliwa pale wakakua na kuoa, na bado akiuawa mtu Kasulu macho yanaelekea huko kabla maiti haijapoa. Nimeona upelelezi ukienda kambini kwa sababu ya kelele za mtaa, huku aliyetafutwa akiwa amekula matanga na wafiwa, amebeba hata jeneza. Hasara ya lawama ya jumla ni hiyo: inampa mhusika muda.

Nikisema jina la mtu mtandaoni, sheria inanigusa?

Inaweza, na kwa njia zaidi ya moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inahusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kudanganya umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kanuni ya Adhabu nayo, kwenye kifungu cha kudharau mahakama, inamgusa anayesema au kuandika maneno yanayoweza kuwafanya watu waegemee upande mmoja wakati shauri lipo mahakamani. Zaidi ya hapo mwenye jina anaweza kukudai fidia kwa kashfa. Ukiandika "inasemekana" mbele ya jina la mtu haikukingi. Umelisema wewe.

Mtuhumiwa akiwa chini ya miaka 18 ni habari nyingine kabisa. Usimtaje, usiweke picha yake, usimtaje hata shule anayosoma.

Kwa hiyo tufunge midomo?

Hapana. Yaliyosemwa mahakamani mbele ya watu unaweza kuyasimulia kama yalivyosemwa: nani alisema nini, kesi imeahirishwa hadi lini. Unaweza kuhoji kwa nini upelelezi umechukua muda, unaweza kudai polisi waeleze. Kulia na wafiwa ni haki yako. Nachokataa ni kumalizia kesi kwenye kikombe cha kahawa.

Kuna kesi kubwa ambazo mtaa ulikosea?

Mtaa hukosea, na mara nyingine wakubwa ndio wanaoanza. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini wa Mahenge na dereva teksi waliuawa Dar es Salaam. Taarifa ya kwanza iliyotoka kwa polisi ilisema ni majambazi. Tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka ikaonyesha hawakuwa majambazi, na maofisa wa polisi wakashtakiwa, akiwemo Abdallah Zombe. Mtaa uliowaita marehemu majambazi ukageuka, ukawahukumu washtakiwa wote kwa mkupuo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikawaachia wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja, Zombe akabaki huru. Ukifuatilia kesi hiyo toka mwanzo, kila hatua iliwakuta watu wakiwa na uhakika wa jambo tofauti.

Nyingine ni kifo cha mwigizaji Steven Kanumba, Aprili 2012. Elizabeth Michael, yaani Lulu, alishtakiwa kwanza kwa kuua kwa kukusudia. Mwaka 2013 shtaka likabadilika kuwa kuua bila kukusudia, akapata dhamana. Novemba 2017 alitiwa hatiani kwa kosa hilo na kufungwa miaka 2. Waliomwita muuaji wa makusudi na waliosema hana lolote, wote hukumu iliwapita pembeni. Tofauti kati ya makosa hayo mawili ni nia, na nia haionekani kwenye picha.

Kaachiwa huru! Nani amekula hela?

Rushwa ipo, sitakudanganya. Lakini kabla hujafika huko jua mambo mawili. DPP akiondoa shtaka kabla kesi haijaisha, mtu yule anaweza kukamatwa tena na kushtakiwa upya kwa kosa lilelile, kwa hiyo usishangilie wala usilaani mapema. Na jaji akimwachia baada ya kusikiliza, mara nyingi amesema tu kwamba upande wa mashtaka haukufikisha uthibitisho usioacha shaka yenye mashiko. Tuhuma, hata ziwe nzito vipi, hazimfungi mtu. Serikali isiporidhika inakata rufaa. Hukumu nyingi unaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya TanzLII. Soma kurasa tatu za mwisho kwanza, ndipo unitumie ujumbe wa sauti wa dakika saba.

Wakili anamteteaje mtu kama huyo bila aibu?

Kwenye kesi ya mauaji, asiye na uwezo anapewa wakili kwa gharama za serikali. Nchi yenyewe ndiyo iliyoamua asisimame peke yake, kwa kuwa adhabu ni kifo.

Atanyongwa?

Anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia anahukumiwa kunyongwa, jaji hana adhabu nyingine ya kuchagua, isipokuwa kwa mjamzito na kwa aliyekuwa mtoto alipotenda kosa. Hata hivyo, hakuna aliyenyongwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema kumfunga jaji mikono namna hiyo kunakiuka haki ya kuishi.

Mimi ni ndugu wa mtuhumiwa. Watu wanatishia kuchoma nyumba.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi siku hiyohiyo, usingoje jioni. Toa taarifa iandikwe, chukua namba ya taarifa. Hifadhi jumbe za vitisho, usizifute kwa hasira. Watoto kama wanasumbuliwa shuleni, mwone mwalimu mkuu mwenyewe. Wewe hujashtakiwa kwa lolote. Sungusungu walianza Tabora na Shinyanga miaka ya mwanzo ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na hata wao hawana mamlaka ya kuadhibu familia ya mtu.

Nina jambo nililoliona kwa macho yangu. Nianzie wapi?

Anzia polisi, kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, na uende leo. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba shahidi aliyemtaja mtu mapema kabisa anaaminika kuliko aliyemtaja baada ya wiki. Kama unamfahamu uliyemwona, litaje jina pale. Kama humfahamu, eleza kimo, mwendo, nguo, sauti, mwanga ulitoka wapi. Usiende kwanza kupiga stori gengeni, maana wakili atakuuliza ulimwambia nani na ulimwambia nini, na maneno mawili yakitofautiana utatoka jasho. Kama unaogopa, sema unaogopa. Kuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Usitazame picha yoyote utakayotumiwa. Kama umeshaitazama, mwambie mpelelezi ukweli, aliandike.

Raia wa kawaida anaruhusiwa kwenda kusikiliza kesi?

Anaruhusiwa, mahakama iko wazi isipokuwa jaji akiamua vinginevyo kwa sababu maalumu. Ratiba ya mashauri hubandikwa ubaoni. Wahi, maana kwenye kesi kubwa mabenchi yanajaa mapema, na zima simu kabisa, usiiweke mtetemo tu. Vaa kwa heshima. Karani akisema "koooti!" simama. Kama wewe ni shahidi ambaye hujaitwa, usiingie ndani. Kaa nje mpaka uitwe jina, hata kama jua ni kali na mama ntilie wa pale getini ameanza kukuuliza umekuja kwa kesi ipi.